Kibaha au Kisarawe? Kiwanja, Barabara na Karatasi

Maneno ya kamati ya ardhi na makazi kwenye harambee ya mwaka ya umoja wetu

  

Kila mwaka, harambee ikiisha na sahani za pilau zikianza kuzunguka, watu hutuvuta pembeni na kutuuliza swali lilelile: "Nina akiba kidogo. Ninunue wapi, Kibaha au Kisarawe?" Mwaka huu uongozi ukasema, basi lijibiwe mbele ya watu wote. Sisi wanakamati tuko watano. Watatu kwetu ni Kibaha, wawili Kisarawe, kwa hiyo mkisikia ubishi ndani ya maneno haya msishangae. Si madalali, na hatuna kiwanja cha kumuuzia mtu.

Tutalijibu swali hilo. Lakini mtoto wa nyumbani ana swali la pili ambalo mgeni hana. Mgeni anauliza anunue wapi. Sisi wengi wetu tuna shamba la babu lililokaa kimya huko Msanga, Kibuta, Soga au Mzenga. Tunatakiwa tuulize pia: hilo tulilo nalo tulifanyeje kabla mwingine hajatuamulia?

WATU WANAKUJA KWETU

Tuanze na hesabu. Kwa sensa ya mwaka 2012 Mkoa wetu wa Pwani ulikuwa na watu wasiofika milioni 1.1. Sensa ya 2022 ilitukuta tumepita milioni 2. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Jirani yetu Dar es Salaam, ambaye tumezoea kumwona ndiye anayefurika, alitoka milioni 4.36 akafika milioni 5.38. Jiji limejaa na watu wanamwagikia kwetu.

Lakini hawamwagiki sawasawa. Mji wa Kibaha peke yake ulitoka watu zaidi kidogo ya 128,000 hadi zaidi ya 265,000. Wilaya nzima ya Kisarawe ilitoka 101,000 na ushei hadi 159,000. Kibaha imezidi mara mbili, na Kisarawe imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kisarawe si mbali. Kutoka katikati ya Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 30, na Kibaha zinakaribia 40. Aliye karibu ndiye aliyechelewa. Kwa nini?

Jibu la kwanza ni barabara. Kibaha imekaa juu ya Barabara ya Morogoro, ambayo kila basi na kila lori la kwenda Dodoma, Mwanza, Mbeya, Rwanda na Kongo linapita. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, kimepanuliwa kutoka njia mbili hadi nane. Stendi kuu ya mabasi ya jiji ilitoka Ubungo ikasogea Mbezi Luis mwaka 2021, yaani ikasogea upande wetu. Mji wa Kibaha ni makao makuu ya mkoa, kuna ofisi, kuna Hospitali ya Tumbi, kuna Shirika la Elimu Kibaha lililoanza na msaada wa nchi za Nordiki miaka ya sitini. Mtu akihamia Kibaha anahamia penye mji tayari.

Kisarawe iko juu ya vilima, mwisho wa njia inayopita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto na Pugu. Ukifika Kisarawe mjini, lori la kwenda Kongo halikupiti. Mbele yako ni Masaki, Msanga, Maneromango, na mashamba. Pembeni yako ni misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Mji umebanwa na msitu na mabonde, na kwa muda mrefu ulibanwa na kiu.

Hapo kwenye kiu tutulie kidogo. Mama zetu wa Kisarawe waliohudhuria hapa wanajua ndoo moja ya maji ilikuwa bei gani. Mwaka 2020 ndipo mradi wa DAWASA wa kutoka Kibamba ulipofikisha maji ya bomba Kisarawe. Na maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, Kibaha. Watu wa Kibaha wakitaka kuwatania watu wa Kisarawe, waseme: "Mnakunywa maji yetu." Na watu wa Kisarawe wajibu: "Na nyinyi mnapumua hewa ya misitu yetu." Mnaona ubishi umeshaanza.

Tangu maji yale yapande kilima, maswali ya viwanja Kisarawe yameongezeka. Hilo ndilo fundisho letu la kwanza. Ardhi haipandi thamani kwa sababu dalali amesema. Inapanda kinapofika kimoja kati ya vitu vitatu: barabara, maji, na karatasi. Viwili vya kwanza huletwa na serikali. Cha tatu tunaweza kukianza wenyewe.

TUPITE MTAA KWA MTAA

Upande wa Kibaha, tuanzie Mailimoja, Tumbi, Picha ya Ndege na Kwa Mathias. Huu ni mji uliokwisha kukomaa. Anayetaka kuhamia mwakani, mwenye watoto wa shule na mzee anayehitaji kliniki, aende huko na asijisumbue kutafuta kwingine. Nyumba ya kupangisha haikai tupu muda mrefu, kwa sababu kuna walimu, wauguzi na watumishi wa mkoa. Lakini bei imeshakimbia. Anayenunua huko leo ananunua huduma zilizopo. Asitarajie bei kuruka tena kama ilivyoruka kwa walionunua wakati Picha ya Ndege ni vichaka.

Kongowe, Misugusugu na Visiga ni upande wa viwanda, na Zegereni ipo hukohuko. Penye viwanda pana vijana wanaotafuta chumba kimoja karibu na geti. Anayejenga vyumba vya kupangisha atafute huku. Anayejenga nyumba ya kustaafia aje kwanza siku ya kazi, mchana na usiku, asikilize malori, aangalie upepo unapeleka moshi wapi. Watu huja Jumapili, wakakuta kimya, wakalipa.

Mlandizi ni makao ya Kibaha Vijijini. Ina soko, na kuna njia panda ya kwenda Bagamoyo upande mmoja, na Mzenga hadi Maneromango upande mwingine. Njia hii ya Mzenga ndiyo inayoshona wilaya zetu mbili, na siku itakapokamilika kwa lami, mtu wa Maneromango hatalazimika kuzungukia Pugu ili afike Barabara ya Morogoro. Ila Mlandizi iko jirani na bonde la Ruvu. Kiwanja cha chini, chenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ni kizuri kwa mpunga na si kwa msingi wa nyumba.

Halafu Soga na Kwala. Huku kila mtu anakutajia reli ya kisasa, SGR. Ni kweli treni ya abiria ilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Soga ina stesheni, Ruvu ina stesheni. Ni kweli Kwala kuna bandari kavu, na viwanda vinajengwa. Kukua kwa Kwala tunakuamini. Lakini reli si daladala. Reli inapita vijiji vingi na inasimama vichache, na inasimama saa inazotaka yenyewe. Kabla hujanunua Soga kwa ajili ya treni, panda treni hiyo siku tano za kazi, nenda na urudi. Ukifika kazini kwa wakati siku zote tano, nunua.

Sasa Kisarawe. Kiluvya ina visa vyake. Kwa barabara, Kiluvya ni ya Morogoro Road, jirani na Kibamba na Hospitali ya Mloganzila. Kwa karatasi, Kata ya Kiluvya ni ya Kisarawe. Na jina hilohilo linatumika pande zote za mpaka wa Dar es Salaam na Pwani. Kwa hiyo anayenunua Kiluvya aulize kwanza: kiwanja hiki kiko halmashauri gani? Wapo waliofuatilia hati mwaka mzima katika ofisi isiyo yao. Ukishalijua hilo, Kiluvya ni mahali pazuri: unapata barabara ya Kibaha kwa bei ambayo bado haijawa ya Kibaha.

Kisarawe mjini ni kwa mtu anayependa utulivu, hewa ya kilimani, na shule kama Minaki karibu. Mfanyakazi wa uwanja wa ndege au wa viwanda vya Barabara ya Nyerere atafika kazini mapema kuliko mwenzake wa Kibaha. Stesheni ya SGR ya Pugu iko jirani. Mabasi ya Mwendokasi awamu ya tatu yamepangwa kufika Gongo la Mboto, na hapo safari ya Kisarawe itapungua zaidi. Ubaya wake ni miteremko. Msingi wa mteremkoni hula fedha za nyumba nzima, na mvua za masika zikikata korongo, korongo halirudi nyuma.

Masaki, Kibuta na Msimbu ndiko madalali waliko leo. Tunasema Masaki yetu, si ile ya ufukweni Dar es Salaam, maana kuna ndugu yetu mmoja wa ng'ambo aliambiwa kwa simu "kiwanja Masaki, bei poa," akatuma nusu ya fedha kabla ya kuuliza Masaki ipi. Huku bado ni mashamba yanayogeuka viwanja. Kila Jumamosi magari yanakuja, mtu anashuka na buti, anapima kwa miguu, ishirini kwa ishirini, anahesabu fedha juu ya boneti. Mwenye fedha kidogo na subira ya miaka kumi au zaidi anaweza kupata hapa kitu ambacho Kibaha hakipatikani tena.

Mbele zaidi, Msanga, Marumbo, Maneromango na Mzenga, ni ardhi ya vijiji. Huku hatuzungumzii kiwanja, tunazungumzia ekari, mikorosho na mihogo. Anayekuambia atakupa "hati ya kiwanja" haraka haraka katika ardhi ya kijiji, mshukuru, uondoke.

TULIYOYAONA KWA MACHO

Mwaka 2017 sote tuliona kilichotokea kati ya Kimara na Kiluvya. Nyumba na majengo mengine mengi yalibomolewa kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Pale hifadhi ni mita 121.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara, na ni ya zamani kuliko wengi wetu. Nyumba nyingine zilikuwa na umeme na maji. Watu walikuwa wamekaa humo miaka, wamezeeka humo. Kwa barabara kuu nyingine, sheria ya mwaka 2007 imeweka hifadhi hadi mita 30 kila upande. Kwa hiyo mtu akikuambia "kiwanja kinagusa lami", usifurahi mpaka umekwenda TANROADS kuuliza mpaka wao unaishia wapi.

Na msitu una sheria kama barabara. Hifadhi za Pugu na Kazimzumbwi, na ule msitu wa Ruvu Kusini unaogusa wilaya zetu zote mbili, zina mipaka yake. Bei ikiwa ya chini mno na mti ni mkubwa mno, uliza kwanza kwa watu wa misitu.

Haya ni ya serikali. Sasa tuseme yetu wenyewe.

Mmoja kati yetu kwao ni pembezoni mwa mji wa Kibaha. Babu zake walikuwa na ekari sita za mikorosho na minazi. Miaka ya tisini ukoo ukauza, ekari moja moja, kwa ajili ya bati, ada ya shule, matibabu. Kila uuzaji ulikuwa na sababu nzuri, hatuwezi kuwalaumu wazee. Leo mjukuu wa ukoo huo amepanga vyumba viwili mtaa huohuo. Na makaburi ya babu zake yako ndani ya fensi ya mtu. Akitaka kwenda kufagia makaburi kabla ya Ramadhani, hupiga hodi getini na kusubiri mlinzi ampigie simu mwenye nyumba. Mwenye nyumba si mtu mbaya, humruhusu. Lakini anaomba ruhusa.

Kisa cha pili ni chetu sisi kama wanunuzi, na hatuna wa kumlaumu isipokuwa haraka yetu. Watatu kati yetu tulichanga tukanunua eneo upande wa Kisarawe kwa kijana aliyesema ni shamba la baba yake. Tulikuwa na mashahidi, tuliandikishana. Hatukuwauliza majirani, na hatukuomba muhtasari wa kikao cha ukoo. Mwaka wa tatu, tumeshachimba msingi, akaja shangazi yake yule kijana. Alikaa juu ya tofali zetu, akasema: "Wanangu, huu mwembe nimeupanda mimi. Nani kawauzia?" Alikuwa na haki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, na hata bila sheria, mwembe ulikuwa wake. Tulikaa vikao vinne. Mwisho tulirudisha nusu ya eneo, na fedha ya nusu hiyo haikurudi.

Tunasimulia visa viwili kwa sababu ni kisa kimoja. Kule Kibaha ukoo uliuza bila kupima na ukapoteza. Huku Kisarawe tulinunua kisichopimwa tukapoteza. Wote waliumia mahali pamoja: hapakuwa na karatasi inayosema hili ni la nani, linaanzia wapi, na nani lazima akubali kabla ya kuuzwa.

EKARI MOJA INA NINI NDANI

Wazee wetu waliweka mipaka kwa miti. Mnazi huu mpaka kwenye kichuguu kile. Ilitosha, kwa sababu jirani alikuwa ni mtani au shemeji, na kila mtu aliujua mnazi. Lakini mnazi hufa, kichuguu husawazishwa na katapila, na jirani mpya ametoka Mwanza, hakuwahi kumjua babu. Mwembe wa babu si bikoni.

Na tena kuna hesabu ambayo mnunuzi anaijua na muuzaji haijui. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ukigawa kwa kichwa unapata viwanja kumi. Ukitoa barabara za mtaa na eneo la huduma, vinabaki kama saba. Mzee anauza ekari moja kama shamba, kwa bei ya mihogo. Aliyenunua anaita mpima, anapata viwanja saba, anauza kwa bei ya mji. Hajafanya wizi wowote. Amefanya kazi ambayo mzee angeweza kuifanya. Mzee angepima, angeuza viwili, fedha hiyo ikalipa upimaji na bati na ada, akabaki na vitano na makaburi yake.

Kwa hiyo hatusemi msiuze. Mtu akiwa na mgonjwa ndani hawezi kula bikoni. Tunasema: pima kwanza, uza baadaye, na usiuze vyote.

NJIA ZA KARATASI

Njia ni mbili, kutegemea ardhi yako iko wapi.

Penye mtaa, yaani eneo la mji au eneo lililotangazwa la mipango miji, unahitaji mchoro wa mipango miji uliopitishwa, upimaji wenye mawe ya mipaka, na mwisho hatimiliki, ambayo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi. Kazi yake ni kushuhudia na kukutambulisha. Akikutoza fedha ya ushahidi, omba stakabadhi. Na anayenunua kiwanja chenye hati, asitosheke na nakala ya fotokopi. Afanye upekuzi ofisi ya ardhi, aone jina lililoandikwa kule ndilo jina la anayemuuzia, na kama kuna mkopo wa benki umefungwa juu yake. Ukishapata hati, kumbuka kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, na masharti ya kuendeleza. Kiwanja kilichoachwa pori miaka mingi na kodi haijalipwa kinaweza kufutwa. Wapo wenzetu wa ng'ambo wanaodhani hati ikikaa kabatini inajilinda yenyewe.

Penye kijiji, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Hapo karatasi yako ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kijiji kwanza kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kisha ukoo au mtu anaomba kwa Halmashauri ya Kijiji, majirani wanakuja shambani kukubaliana mipaka, na hati inaandikishwa katika masjala. Kwa mwanakijiji inaweza kutolewa bila kikomo cha miaka, na inaweza kuandikwa majina zaidi ya moja. Hilo la majina ndilo muhimu kuliko yote. Iandikwe ya baba na mama. Iandikwe ya ndugu wote, dada wakiwemo. Kijana mwenye haraka hawezi kuuza peke yake karatasi yenye majina sita.

Watu huogopa gharama. Ni kweli, mtu mmoja kumwita mpima kwa shamba moja ni ghali. Lakini gari la mpima likishafika kijijini, shamba la pili na la kumi halilipi tena safari ile. Koo ishirini zikipima kwa pamoja, mzigo unakuwa wa kubebeka. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni bikoni.

JIBU LETU, NA OMBI LETU

Sasa tujibu mliyotuuliza. Kwa anayetaka kuhamia karibuni, au kujenga nyumba ya kupangisha: Kibaha, na achague kati ya mjini na upande wa viwanda kwa kuangalia mpangaji wake ni nani. Kwa mwenye fedha kidogo na subira: Kisarawe, akianzia Kiluvya kama anataka Barabara ya Morogoro, Kisarawe mjini kama kazi yake ni upande wa uwanja wa ndege, na Masaki au Kibuta kama anaweza kusubiri miaka kumi bila kulalamika. Kwa anayefuata reli na viwanda: Soga na Kwala, baada ya zile siku tano za treni.

Na kwa mwenye shamba la ukoo, pande zote mbili: asinunue popote kwanza. Apime la kwao. Fedha ile ile aliyotaka kumpa dalali inatosha kuanzisha kazi itakayolinda ekari nyingi kuliko kiwanja kimoja cha miguu ishirini. Kilichotokea Kibaha kinapanda kilima kuelekea Kisarawe. Kibaha hatukupata onyo. Kisarawe tumelipata, ndilo hili.

Ndiyo maana mwaka huu kamati inaomba sehemu ya harambee iwe mfuko wa kupima mashamba ya koo. Tumependekeza uende hivi. Ukoo utalipa sehemu, mfuko utakopesha iliyobaki, na ukoo utarejesha kidogo kidogo ili fedha iende kwa ukoo mwingine. Hatutapima shamba ambalo muhtasari wa kikao cha ukoo hauna majina ya wanawake wa ukoo huo. Na kitu cha kwanza kutengwa kwenye kila ramani, kabla ya kiwanja cha kwanza, ni makaburi na njia ya kuyafikia. Kila shilingi itakuwa na stakabadhi, na hesabu itasomwa hapa hapa mwakani mbele yenu, tukiwa tumesimama kama leo.

Kwa hiyo kabla pilau haijafika, tunaomba mambo matatu. Walio na uwezo wachangie, na kadi za ahadi ziko mezani kwa katibu. Walio na taaluma, wapima, wanasheria, maofisa mipango waliostaafu, watoe siku zao chache za mwaka. Na sisi sote, tukirudi majumbani usiku huu, tumpigie simu mzee mmoja kijijini tumuulize: mpaka wetu unaishia wapi? Tuandike jibu lake, na jina la kila jirani anayelitaja. Wazee hao wakiondoka, hakuna ofisi ya ardhi itakayotujibu swali hilo.

Yule mwenzetu wa Kibaha ametuomba tuseme jambo moja la mwisho. Anasema hataki kurudishiwa zile ekari sita. Zimekwisha, na waliojenga pale wamejenga kihalali. Anachotaka ni kwamba asitokee mtu wa Kibuta au wa Mzenga, miaka ishirini ijayo, anayepiga hodi getini ili afagie kaburi la babu yake.

 Mungu aibariki Kibaha, Mungu aibariki Kisarawe.